Mgeni Chini ya Kitambaa

Kasese, 19 Januari 2025

Senga Jamidah, shangazi yangu,

Assalam aleikum. Kabla ya yote nikuulize magoti. Yanaendeleaje? Mama anasema uendelee kuyapaka ile dawa ya mafuta na uache kubeba ndoo, na mimi najua hutaacha. Baba, kaka yako, hajambo, ila jua la mwezi huu limemfanya mkali, anagombana hata na redio. Huku vumbi tu. Wanaoshuka kutoka Kilembe wanasema mto umetulia mwaka huu, tunashukuru.

Sasa tuje kwenye kazi. Kompyuta ya duka lako la kuchapa Kosmasi wa lori atakuletea pamoja na barua hii. Ameifunga kwenye blanketi, na nimemkataza kabisa asiiweke karibu na mifuko ya saruji. Mfumo wake wa zamani ulikufa, Senga. Virusi vya flashi za wateja wako viliula wote. Kwa hiyo nimekuwekea mwingine unaoitwa Linux. Usiogope jina. Unaendesha kompyuta kama ule wa kwanza, ila huu umetengenezwa na watu wa nchi nyingi kwa kusaidiana, ni wa bure, na virusi vya soko la Mpondwe havijui njia ya kuuingia. Kazi zako zote za zamani zimo, sikupoteza hata barua moja.

Maelekezo yako kwenye karatasi niliyoibana humu, mbele na nyuma. Ukiwasha, itakuuliza pasiwadi. Nimekuchagulia ile ambayo huwezi kuisahau hata ukiamshwa usingizini: jina la mzee aliyekujengea duka hilo, baba mkwe wako, Mungu amrehemu. Herufi ndogo zote. Usimwambie mtu yeyote, hiyo ndiyo sheria ya kwanza.

Nina ombi moja. Nijibu kwa barua ya kuchapa kwenye mashine hiyohiyo, iwe zoezi lako. Simu hapana. Ukiwa Bwera mtandao wa Kongo unaingia katikati, tunaambiana halo halo mpaka salio linakwisha. Kosmasi anapita kila siku ya soko, yeye ndiye posta yetu.

Darasa langu la Jumamosi kule Rukoki limejaa mpaka wengine wanasikilizia dirishani. Nawafundisha Linux watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Nitawasomea barua yako.

Mwanao,
Hamim


Bwera, 9 Februari 2025

Kwako mwanangu Hamim,

Waaleikum salaam. Magoti yapo, yananipeleka msikitini na kunirudisha, zaidi ya hapo siyadai. Mwambie mama yako dawa imekwisha, na mwambie kaka yangu aizime hiyo redio kama inamuudhi. Binti yangu Nasifah ameandika kutoka Hima. Bado anataka nifunge duka nikakae naye, nilee wajukuu na kusikiliza malori ya saruji usiku kucha. Nimemjibu kwamba wajukuu nawapenda, malori siyapendi.

Haya, uliomba barua ya kuchapa, hii hapa imechapwa. Hata mistari imenyooka, unaona? Mashine ilifika salama. Nimeiweka pale mezani ilipokuwa na kuifunika kile kitambaa cha maua nilichofuma mwenyewe, vumbi lisiisumbue. Inapendeza sana. Kila anayeingia anaiulizia.

Mwalimu Anselme alipita kunisalimia. Unamkumbuka, yule wa shule ya juu ya soko, anayechanganya Kifaransa akiwa na haraka. Mitihani yake ya kila muhula ndiyo inayoniweka mjini, Hamim. Wateja wengine ni wa karatasi moja moja. Anselme akiondoka na mitihani yake, basi na mimi nafunga mizigo kwenda Hima.

Kuhusu hiyo pasiwadi, nimesoma ulichoandika. Nimekisoma vizuri. Tutaongea siku utakapokuja. Kwani utakuja lini? Kasese na Bwera si Makka, ni safari ya asubuhi na kurudi.

Mwanangu nakupenda, hata kama umekonda. Kosmasi ndiye aliyeniambia.

Senga wako,
Jamidah


Kasese, 14 Februari 2025

Senga, Senga, Senga!

Salamu nyingi, na dawa ya magoti ndiyo hiyo kwenye mfuko mweusi, mama ametuma chupa mbili. Nyumbani wote wazima.

Barua yako nimeibandika ukutani. Sikudanganyi, nililengwalengwa na machozi. Watu wananiambia Linux ni ya vijana waliosoma, kwamba mama wa duka hawezi, na wewe umechapa ukurasa mzima bila kosa hata moja! Mimi mwenyewe huwa nakosea. Nilikuwa najua utaweza, lakini kuona ni kitu kingine.

Sasa nimefanya jambo, usinigombeze. Nimempigia Mwalimu Anselme, huko juu shuleni mtandao unashika. Shuleni kwake kuna kompyuta za msaada zimelala stoo, zimekufa kwa virusi kama ile yako. Nikamwambia naweza kuzifufua zote kwa Linux. Akasema anaogopa majaribio, watoto na walimu watashindwa. Nikamwambia, nenda kwa Senga Jamidah umwone anavyoichapia kazi. Amekubali. Atakuja siku moja ya soko, bila taarifa. Akiridhika, mitihani yote inabaki kwako na mimi napewa zile kompyuta nizifufue. Asiporidhika, amesema wazi kwamba hata mitihani ataitafutia pengine. Kwa hiyo wewe ndiye shahidi wangu.

Ili printa ikubali, fanya hivi: fungua lile dirisha jeusi na uandike mistari niliyokuandikia kwenye karatasi ya pili. Itakuuliza pasiwadi tena. Safari hii ukiandika hutaona kitu chochote kikitokea, usishtuke, ndivyo ilivyo. Baada ya hapo utaulizwa kuchagua aina ya printa. Nimekuandikia zote zinazowezekana, chagua unayoona inafaa.

Shahidi wangu, nakuaminia.
Hamim


Bwera, 11 Machi 2025

Hamim,

Ramadhani karimu. Dawa nimeipata, magoti yanamshukuru mama yako. Mwandiko wa mkono uuvumilie. Umeme ulikuwa umekatika, halafu ulirudi, halafu nilikuwa na futari ya kupika, halafu kwa jirani kulikuwa na msiba.

Mwalimu wako alikuja Ijumaa, na mimi nilikuwa naumwa kichwa. Nikamwambia mwezi huu hata mashine inapumzika. Akatazama kitambaa, akanitazama mimi, akasema: "Mama, hii ordinateur iko mugonjwa?" Nikamwambia haiumwi, ina heshima zake tu. Akacheka. Lakini ameniambia atarudi baada ya Pasaka na mitihani mkononi, na kama mashine bado inapumzika, mitihani ataipeleka kwa Drani.

Drani ni yule kijana wa Arua aliyefungua duka la kuchapa mbele yangu, ng'ambo ya barabara. Ana adabu, simlaumu.

Kuhusu hilo dirisha jeusi sina la kusema. Hukuniambia utakuja lini.

Senga wako


Kasese, 16 Machi 2025

Senga wangu,

Ramadhani karimu na kwako. Wote hapa wanafunga salama, hata baba, isipokuwa mdomo wake.

Nimezungumza na Kosmasi. Sikumwuliza, alisema mwenyewe akishusha mizigo. Maneno yake ni haya: "Senga yako, mi nilimukuta kwa Drani. Yeye iko anasema, Drani iko anaandika. Ile barua ya kwanza." Nikamwuliza una hakika? Akasema alikaa pale akiingoja mpaka ikatoka kwenye mashine ya Drani, bado ya moto.

Senga, niliumia. Sitakuficha. Nilikwenda nikaibandua ile barua ukutani, halafu nikaisoma tena, halafu nikairudisha. Maneno ni yako, kila mtu anayekujua anaisikia sauti yako mle ndani. Lakini mimi nilikuwa nimeijenga nyumba nzima juu ya barua ile! Nimempigia mwalimu wa watu nikamwambia tazama, mama wa duka ameweza. Kwa nini hukuniambia?

Nimekaa na hasira yangu siku mbili. Sasa zamu yangu kusema. Darasa langu halijajaa, Senga. Siku ya kwanza ndiyo walijaa kweli, hadi dirishani. Niliwaeleza Linux ilianzaje, aina zake, kila mtu achague ya kwake, na lile dirisha jeusi. Jumamosi iliyofuata walirudi wachache. Sasa amebaki Rusi peke yake, anayeuza nyanya, na Rusi anakuja kuchaji simu. Barua yako ndiyo kitu pekee kilichokuwa kikiniambia sipotezi muda. Ndiyo maana sikuja Bwera. Niliogopa nije nikute na wewe umeshindwa, nikose hata hiyo.

Niambie ukweli. Ni nini kilikushinda? Sitakasirika.

Hamim


Bwera, 24 Machi 2025

Hamim, mtoto wa kaka yangu,

Nakusalimu kwa mkono wangu na kalamu yangu. Magoti achana nayo leo.

Kosmasi mdomo wake hauna breki, lakini amesema kweli. Drani ndiye aliyechapa. Nilikaa kwenye benchi lake nikawa natamka, na nilipofika "mwanangu nakupenda" aliacha kuchapa akacheka mpaka akafuta macho. Nilimlipa sahani ya wali na maharage, na aibu juu yake. Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa umefurahi mno. Furaha yako ilikuwa inasikika mpaka kwenye karatasi, sasa nani angeivunja? Mimi sikuweza.

Umeuliza kilichonishinda. Sikiliza basi, na usinicheke.

Siku Kosmasi alipoileta nilioga, nikavaa lile gauni la Idi, nikakaa mbele yake. Nikawasha. Ikatoa picha ya milima, nikasema mashallah. Halafu ikaniuliza lile jina.

Wewe umekulia mjini, hapo Kasese kila mtu anaitwa kwa jina lake hadi mbuzi. Mimi nimeolewa. Tangu siku nilipoingia nyumba ile sijalitamka jina la baba mkwe wangu. Sisi hatulitaji, ndivyo nilivyofundishwa na senga wangu mimi, na nimeyashika mafunzo hayo. Alipokuwa hai nilimwita Mzee wa Juu, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa juu ya yetu mlimani. Amekufa, bado ni Mzee wa Juu. Kuna kijana wa boda anaitwa jina hilohilo, mimi namwita wewe kijana, na ameshazoea. Na kuandika ni kutamka kwa vidole, hakuna tofauti. Halafu wewe, mtoto niliyemfuta kamasi, unataka niliandike kila asubuhi kabla ya chai!

Nilinyoosha kidole mpaka kwenye herufi ya kwanza. Kikakataa. Nikasema nimwite mtu aniandikie. Nimwambieje? Kulitaja siwezi. Na wewe umeniandikia nisimwambie mtu yeyote. Loo, Hamim, ulinifunga mikono na miguu! Nikakaa pale inanitazama na mimi naitazama, mpaka nikasikia haya nikaifunika. Sijaifunua mpaka leo. Hilo dirisha lako jeusi hata sijaliona. Sikuvuka mlango.

Na nilishindwa kukwambia kwa sababu niliogopa utaniona mshamba. Hiyo ndiyo kweli yote.

Sasa kwa hao waliokukimbia Rukoki. Mimi Linux siijui, lakini wageni nimewapokea maisha yangu yote. Mgeni hapa kwangu hajawahi kuulizwa atakula nini. Ukimwuliza, atasema ameshiba, halafu ataondoka na njaa yake na kukusema huko mbele. Unamletea. Wewe umewawekea watu sufuria zote za jikoni, ukawaambia wachague. Na mgeni akiondoka unamsindikiza mpaka barabarani. Mimi nilikuwa mgeni kwenye nyumba hiyo ya Linux, mwenye nyumba wewe, na wewe ulinifungulia lango, ukanipa karatasi, ukaenda zako Kasese.

Njoo tule Idi. Usilete karatasi.

Senga wako anayekupenda, na safari hii Drani hayupo wa kunicheka


Kasese, 8 Aprili 2025

Senga wangu,

Nimefika salama kutoka kula Idi kwako, pilau imefika salama, baba amekula sahani mbili akasema chumvi kidogo, halafu akaongeza ya tatu. Mama anakushukuru kwa kitenge.

Bado najisikia vibaya kwa lile jina. Nimemwuliza mama, naye akapiga makofi: "Uliandika nini? Kwa senga yako? Ya baba mkwe?" Amemsimulia kila mtu hapa mtaani. Sikujua, Senga, kwa kweli sikujua, na sikuuliza. Nilijifikiria mimi, nikaweka jina ambalo mimi nisingelisahau.

Ila nimefurahi jinsi ulivyoiweka pasiwadi mpya, umeziba kibodi kwa mkono, na mimi umenigeuza niangalie ukuta. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nimefurahi pia kwamba sasa ukiiwasha unaona vitu vitatu tu, Barua, Mitihani na Printa, kwa maneno yako. Vingine vipo ndani, siku ukivihitaji tutavitoa.

Jumamosi sikufundisha. Nilimwambia Rusi aje na kazi yake. Akaja na tangazo la kikundi chao cha wauza nyanya, la kubandika sokoni. Nikakaa kando yake na mikono nimeikalia, nisije nikamnyang'anya maus. Alitumia asubuhi nzima kwa mistari minne. Mara mbili alitaka kwenda nyumbani. Lilipotoka kwenye printa alilishika kwa ncha za vidole akaniuliza kama wino umekauka. Halafu nikamsindikiza mpaka kwenye kibanda chake, na tukalibandika pamoja. Amesema wiki ijayo atamleta dada yake, na simu aliisahau kwangu kwenye chaji.

Pasaka inakaribia. Anselme akija mimi nitakuwa mbali. Unaogopa? Mimi naogopa.

Hamim


Bwera, 11 Mei 2025

HAMIM MWANANGU SALAMU NI MIMI SENGA WAKO HERUFI ZIMEKATAA KUWA NDOGO

Haya, zimekubali. Kuna kitufe nilikuwa nimekikalia kwa kidole. Barua hii naichapa mwenyewe tangu juzi. Imekwenda upande kama mlevi, najua, naona. Usiibandike ukutani.

Magoti yamepoa na mvua hii. Mpe mama yako salamu, na kaka yangu mwambie chumvi ilikuwa sawa.

Anselme alikuja siku ya soko, duka limejaa watu. Akaniwekea flashi mezani na kusema: "Mama, iko na virusi mingi, itaua ordinateur yako." Nikamwambia ilete. Nikaondoa kitambaa, nikakikunja na kukiweka kando. Nikaandika pasiwadi yangu. Ikafunguka. Hamim, ilifunguka mbele ya watu wote! Mtihani wa hesabu ukatokea wote, na michoro yake.

Nikabonyeza printa. Ikatoa ukurasa mmoja, ikanyamaza. Watu wakaanza kuangalia ng'ambo kwa Drani. Nilitaka kuifunika, sikufichi, mkono wangu ulishashika kitambaa. Kisha nikakumbuka siku ile ya Idi ilipofanya hivyohivyo na wewe hukuigusa, ulikaa tu na kuniambia ngoja, Senga, na mashine ipumue. Basi nikaizima printa na kumletea mwalimu chai na chapati mbili, maana mtu akitafuna haangalii saa. Nikaiwasha tena. Ikakohoa, ikatoa kurasa zote mpaka karatasi zikaniishia.

Anselme alizihesabu kurasa moja moja. Aliniuliza kama yule mtoto wa kaka yangu anaweza kuja shuleni muhula ukifunguliwa, na kama atakaa siku kadhaa. Nikamjibu kwa niaba yako kwamba atakaa. Utalala kwangu. Hima nimeshawaandikia kwamba siendi.

Sasa la mwisho, nalo limenifanya nicheke peke yangu kama mwehu. Jana Drani alivuka barabara. Amebeba kompyuta yake kifuani, ameifunika shuka. Flashi ya mteja imeiua. Alisimama mlangoni anaona haya, yule kijana aliyenicheka na "mwanangu nakupenda" yangu, akaniuliza kama hiyo Linux ni ngumu sana kwa mtu asiyeijua.

Sikumwuliza atakunywa nini. Nimempa kiti na chai. Hiyo mashine Kosmasi atakuletea Jumanne, uitengeneze kama yangu, vitu vitatu tu, na ukija uje nayo mwenyewe. Pasiwadi yake usiguse. Hiyo nimeishughulikia mimi. Kabla ya jambo lolote nilimwuliza, "Drani, kwenu ni jina gani halitajwi?"

Akaweka kikombe chini akafikiri. Akasema, "Mama, la mama mkwe."

Basi tumechagua jingine.

Senga wako, kwa vidole vyake mwenyewe,
Jamidah